Usile Umesimama

Isevya, Tabora

Mwanangu Tatu,

Umekwenda Ipuli kumuaga mjomba wako. Mimi nimefunga karakana kabla ya alasiri, nimejipangusa vumbi la mbao, nimekaa hapa barazani na karatasi zako za chuo zilizobaki. Habari za kufunga mlango, kuweka akiba na kuchagua marafiki umeshapewa na kila aliyepita hapa wiki hii, hata muuza mkaa alikuwa na lake la kukuusia. Sina la kuongeza. Mpanda kuna watu kama hapa, utaishi nao. Mimi nataka nikuandikie juu ya chakula cha wageni.

Usicheke. Najua fundi seremala kumfundisha binti yake mapishi ni kichekesho, na najua unapika kuliko mimi. Hilo ndilo linalonisumbua.

Jumamosi iliyopita wenzako wa chuo walikuja kukuaga. Ulipika pilau, ukachoma nyama, ukakaanga sambusa, ukasukuma chapati, na juu ya hayo ukatengeneza juisi ya ukwaju. Mimi nilikaa nao sebuleni. Kila mmoja wao alikuita kwa zamu yake, "Tatu, njoo ukae," nawe kila mara ukajibu kutoka uani, "Nakuja." Hukuja. Yule rafiki yako mrefu, Neema, alimnong'oneza mwenzake, "Hivi tumekuja kumuaga au kumtumikisha?" Nilisikia, nikajifanya natafuta miwani.

Walipoondoka nikakuletea sinia jikoni. Nilikukuta umesimama mbele ya sufuria, umeupa mlango mgongo, unakula ukoko kwa mkono. Uliponisikia ukageuka, ukauficha mkono nyuma ya kanga. Mtu mzima, mwalimu mwenye barua ya kupangiwa kazi, uko ndani ya nyumba ya baba yako, na umeficha mkono wenye wali.

Niliweka sinia chini nikatoka. Ningesema pale ningelia, na wewe hujazoea kuniona hivyo. Lakini nataka ujue mkono ule ulianza kufichwa lini. Sehemu moja unaikumbuka. Sehemu nyingine ulikuwa mdogo mno, na watu wa Ipuli, kwao mama yako, walikusimulia walivyotaka wao.

Mama yako Asha alifariki akijifungua, yeye na mdogo wako pamoja. Wewe ulikuwa hujaanza shule. Baada ya arobaini, kwao walileta ujumbe kwamba wanakuja kuzungumza habari ya mtoto. Nilielewa maana yake. Jirani mmoja aliniambia wazi: "Wanasema mwanaume hawezi kulea mtoto wa kike peke yake." Nami nikajiambia, vizuri, nitawaonyesha. Nitawapikia biriani.

Si pilau. Biriani, ile ya mama yako, ambayo kwao walikuwa wakiisifu kila penye shughuli. Niliwaza kwamba wakiona sinia lile limetoka mikononi mwangu, watajua mtoto wao hatalala na njaa. Nilidhani chakula kitanisemea.

Nilianza kuhangaika tangu usiku wa kuamkia siku yao ya kuja. Vitunguu vya kwanza viliungua, nikamenya vingine. Nilitaka viive mpaka viwe na rangi ya mbao ya mninga iliyopigwa vanishi, maana hiyo ndiyo rangi ninayoijua. Sambusa zilifunguka kwenye mafuta. Jirani yetu Mama Hadija alikuja na kanga yake kiunoni, akasema, "Baba Tatu, sogea nikusaidie." Nikakataa. Nilitaka nikiulizwa niweze kujibu kwamba nimepika mwenyewe.

Wakaja watatu: bibi yako, mjomba wako Athumani, na mke wake Mama Salma. Wewe ulikimbia moja kwa moja kwenye mapaja ya bibi.

"Shikamoo mama," nikamwambia.

"Marahaba, baba. Pole na upweke."

Sikuweza hata kukaa. Wali ulikuwa umeanza kunuka kuungua, nikaomba radhi nikakimbia jikoni. Jikoni kwetu unapajua, banda la nyuma. Ukiwa kule huwezi kusikia ya sebuleni isipokuwa watu wakicheka. Nikawasikia wanacheka, nikafurahi. Nikasema moyoni, mambo yanakwenda vizuri. Nikawa naingia na sambusa, natoka. Naingia na maji ya kunawa, natoka. Narudi kuangalia moto. Kila nilipoingia mazungumzo yalikatika, na mimi, kwa ujinga wangu, nikadhani ni adabu.

Nilipoingia na sinia la biriani, Athumani aliniambia akiwa ameegemea kochi, "Shemeji, hata hatukukusubiri. Tumemuuliza mtoto mwenyewe. Amekubali."

"Amekubali nini?"

"Kwenda kukaa na bibi yake. Si ndiyo, Tatu?"

Ulikuwa na biskuti mikono yote miwili. Ulinitazama, ukatikisa kichwa kukubali.

Tatu, nilisimama pale na lile sinia, limejaa na limenichoma viganja, nikatafuta neno. Unajua nilisema nini? Nilisema, "Karibuni, chakula kitapoa."

Wakala. Bibi yako alisifu, tena kwa moyo mweupe, akaniuliza nani amenipikia. Nikamwambia nimepika mwenyewe. Mama Salma akacheka mpaka akajifunika mdomo kwa mtandio. Athumani akanyonya mfupa, akauweka pembeni, akasema, "Biriani kama hii inataka kutwa nzima. Sasa shemeji, kazi utafanya saa ngapi? Na wewe ukiwa unakaanga vitunguu, mtoto yuko na nani?"

Wote walicheka. Na mimi nilicheka. Chakula nilichokipika kinitetee ndicho walichonifungia nacho mdomo. Baada ya hapo nguo zako zikafungwa kwenye kanga ya mama yako, ukapakiwa kwenye teksi katikati ya bibi na Mama Salma, ukanipungia mkono kwa furaha. Mimi nikabaki kuosha vyombo vyao.

Usijilaumu kwa kutikisa kichwa. Ulikuwa mtoto na ulipewa biskuti. Mimi ndiye nilikuwa mtu mzima mle ndani, na mtu mzima alikuwa jikoni.

Ipuli si mbali, na pengine ndiyo maana iliuma zaidi. Ungekuwa umepelekwa Dar es Salaam ningesema ni safari. Lakini kwa baiskeli nilikuwa nafika kabla jasho halijanitoka vizuri, nami nikifika nawekwa barazani na kupewa soda kama mgeni. "Leo kuna watu, Baba Tatu, ungepiga simu kwanza." Au, "Tatu amelala." Au, "Tatu yuko madrasa," na huku nakusikia sauti yako uani. Nilivumilia kwa sababu bibi yako alikupenda, hilo siwezi kulificha. Ulinenepa, ulivaa vizuri, ulisoma.

Miaka hiyo ndiyo nilijifunza kupika. Mtu wa peke yake hana sababu ya kupika biriani. Nilikuwa narudi kazini nimechoka, na polepole nikapata namna yangu ya kuku, ambayo hadi leo nikiwapikia watu wanadhani nimeshinda jikoni. Nataka uende nayo Mpanda. Kuna siku mwalimu mkuu atakuja kwako, au mchumba na ndugu zake, na utataka kuwaonyesha kwamba umelelewa. Waonyeshe kwa hiki.

Kuku wa kienyeji mchemshe asubuhi, na chumvi, tangawizi na kitunguu saumu, mpaka alainike kweli. Mtoe. Ile supu usiimwage wala usiinywe. Ndiyo utakayopikia wali, kwa mchele wetu huu unaonukia. Jioni, kabla wageni hawajafika, panga vipande kwenye sufuria pana lenye mafuta kidogo. Koroga asali na ndimu na pilipili manga, uvimwagie juu. Asali isitangulie mapema, itaungua na kuwa chungu. Funika na mfuniko wa bati, palia makaa juu, na chini acha machache tu. Wali nao ukishakauka upalie vivyo hivyo. Kisha ondoka. Nenda kaoge, vaa, jipake mafuta. Ukirudi, kuku ana rangi ya kutamanisha na ngozi inang'aa. Kata kachumbari, basi. Hakuna kingine. Usiongeze sambusa. Usiongeze chapati. Ukisikia mkono unawasha kuongeza kitu, ukalie.

Uzuri wa chakula hiki si utamu wake peke yake. Ni kwamba wageni wakishafika hakina haja nawe tena. Unakaa nao. Unaona nani anamtazama nani, unasikia wanalosema na wanaloacha kusema. Laiti ningelijua hilo siku ile.

Bibi yako alifariki. Nilidhani utarudi; Athumani akasema bado uko kwenye msiba, usihamishwe hamishwe. Kisha akasema subiri mitihani. Nikasubiri. Idi iliyofuata nilikuja Ipuli na kitambaa cha gauni. Nyumba imejaa watu, binti za mjomba wako wamekaa mkekani wanakula, wewe unapita na jagi la maji na beseni unawanawisha wageni. Nikasema moyoni, sawa, mtoto wa kike anafundishwa kazi. Nikangoja nikuone unakaa kula. Hukukaa. Nikapita uani kama naenda msalani, nikakukuta jikoni umesimama, unakomba sufuria kwa mkono. Uliniona ukauficha mkono nyuma.

"Mbona hukai na wenzio?" nikakuuliza.

"Nimeshazoea, baba. Hata hapa ni pazuri."

Sikukupa hata kile kitambaa. Nilikiacha kwenye baiskeli, nikarudi nacho nyumbani.

Wiki ile ile nikamwalika Athumani na mkewe chakula cha jioni. Nilipika huyo kuku. Walifika na wewe nyuma yao, na Mama Salma akasema kabla hata ya kukaa, "Tumekuja na Tatu akuoshee vyombo, maana tunajua uko peke yako."

"Ahsante," nikamwambia. "Tatu, njoo ukae hapa karibu yangu."

Ulimtazama yeye kwanza. Hilo nililiona vizuri, kwa sababu sikuwa jikoni.

Nikapakua hapo hapo mbele yao. Paja la kuku nikakuwekea wewe. Hukuligusa. Athumani akaonja, akasema, "Aah, shemeji, leo umejitahidi! Umeshinda jikoni?"

"Hapana. Leo nilikuwa na muda. Athumani, Tatu halali Ipuli leo."

Akatafuna, akameza. "Tumekuja kula, hatukuja kugombana."

"Kula, shemeji. Kula ushibe. Lakini Tatu halali Ipuli leo, wala kesho."

"Baada ya yote tuliyomfanyia? Marehemu mama yangu amemlea huyu kama yai."

"Mama nilimshukuru akiwa hai, na hata leo namwombea. Ninaongea na wewe."

Hapo Mama Salma akasahau adabu zote. "Sasa kesho nani atawafulia watoto sare za shule? Nani atamwogesha mdogo wao?"

Athumani alimtazama mkewe, na mkewe akajua alichokisema. Athumani akanawa mikono na sahani yake haijafika nusu, akasimama, akasema nimewaita mezani kwangu ili niwatukane, na kwamba hatakanyaga tena hapa mpaka anakufa. Mama Salma alitangulia kutoka. Uliinuka kuwafuata, nikakushika mkono. Nilikushika kwa nguvu, Tatu. Ulipiga kelele kwamba nakuumiza.

Katika hadithi za watu, mtoto anarudi kwa baba yake na furaha inajaa nyumba. Yetu haikuwa hivyo. Ulilia, ulikataa kula, ukamlilia Salma, binamu yako, ambaye kweli mlipendana. Ulinisalimia "shikamoo" asubuhi kama unavyomsalimia mwenye nyumba. Ulikuwa ukiniomba ruhusa ya kuweka sukari kwenye chai. Siku moja mteja alikuja kuulizia kitanda, nikakusikia unamjibu mlangoni, "Baba wa hapa hayupo." Baba wa hapa. Niliingia karakana nikapiga randa ubao mzuri mpaka ukawa mwembamba haufai kwa kazi yoyote.

Mjini nako habari ikazunguka kwa namna ya Ipuli: fundi amewafukuza wakwe zake na chakula kikiwa kinywani. Kwenye shughuli za upande wa mama yako hatukualikwa tena. Ulikosa harusi ya Salma kwa sababu yangu. Najua ulilia. Nilikuwa upande wa pili wa ukuta.

Ukakua, tukazoeana, ukaanza kunitania na mimi nikaanza kukutania. Nikadhani imepita. Lakini kila wageni walipokuja hapa ulipotelea jikoni, na mimi nilijivunia. Nilisema, binti yangu mchapakazi. Nilikula vinono vyako miaka yote hii nimekaa kwenye kochi, na sikuwahi kuuliza wewe unakula saa ngapi na wapi. Kuna siku nilikutoa jikoni kwa watu nikakuleta jikoni kwangu, hiyo ndiyo hesabu yake, na Jumamosi ndipo nimeiona.

Ninachokuomba, basi, ni kidogo. Ukialika watu, pika rahisi, kipendeze, kisha kaa. Jipakulie sahani yako kama ya mwingine yeyote. Ukikaa utaona mwili unataka kuinuka. Utasikia kama kuna kitu kinaungua. Hakuna kinachoungua. Kitu kikikosekana mezani, waache wageni wakikose. Na akitokea mtu anayekupenda ukiwa jikoni tu, utamjua mapema, maana atakasirika ukikaa.

Nimeacha kuandika kidogo kwa sababu simu imelia. Ni ujumbe wako: "Baba, mjomba anaumwa miguu, anatembelea fimbo. Amelia. Anaomba kesho aje ale na sisi kabla ya treni. Nimwambie aje?"

Nimekujibu neno moja, "Aje." Haya mengine nakuandikia hapa.

Kuku yupo, nimemleta asubuhi kutoka Itetemia, amefungwa kule nyuma. Asali iko kabatini. Mpikie mjomba wako ukipenda, kwa namna niliyokueleza, na ukae naye sebuleni mpaka mwisho. Mimi sitakuwepo. Kuna kitanda cha mtu karakana ambacho hakina haraka, kesho nitakifanya kiwe na haraka. Najua unachokiwaza unaposoma hapa: baba ananiambia nikae na wageni, na yeye anakimbia. Ni kweli. Nimejaribu tangu ujumbe wako uingie kujiona nimeshika birika nikimmwagia Athumani maji mikononi, nimeshindwa. Alikuwa na nyumba ya vyumba vingi na mkeka mrefu, na hakuona haya kula huku mtoto wa dada yake amesimama. Anaumwa, amezeeka, amelia. Mimi bado.

Wewe ukiweza, kula naye. Ni mjomba wako, na uso wake ni wa mama yako mtupu. Sitakuuliza mmezungumza nini, wala sitahesabu kwamba umenisaliti. Usiniwekee chakula.

Saa ya treni ikikaribia nitakuja kukubebea sanduku.

Mimi baba yako,
Ramadhani